Siku Pikapu ya Baba Ilipokunywa Maji

Mtaani walimwita Nozeli, naye aliitika. Nozeli ni kile kipande cha chuma kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini. Kikiziba, lori zima la mizigo linageuka nyumba ya kulala. Hapakuwa na fundi mwingine wa kike wa injini za dizeli pande zile, na madereva waliomcheka mwanzoni ndio haohao waliompa jina hilo, baada ya kuona anavyozisafisha nozeli kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba. Gereji yake ilikuwa uwanja uliogeuka mweusi kwa oili, paa la mabati upande mmoja, shimo la kuingilia chini ya magari, na kiti kirefu cha basi lililokufa zamani ambacho wateja walikalia wakisubiri na kulalamika.

Kazi alifundishwa na baba yake. Mzee alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na kila aliporudi nyumbani, binti yake mkubwa ndiye aliyeingia naye chini ya gari, kalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kashika tochi. "Mulika hapa. Siyo huko, hapa!" Mama yao, siku hizo yu hai, aliita chakula mpaka kikapoa. Mdogo wake wa kiume hakupenda harufu ya dizeli. Yeye alibaki ndani akichora picha. Kwa hiyo Nozeli alikua akijua kwamba mama ni wa wote, ila baba, akiwa na spana mkononi, ni wake peke yake.

Mzee alipostaafu alinunua pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa, wakaifufua wawili. Boliti gani ilikazwa na nani, Nozeli angeweza kukuonyesha hata akiwa amefumba macho. Hakuna aliyewahi kusema kwamba gari lile siku moja litakuwa lake. Lakini naye hakuona kama ni jambo la kusemwa.

Basi Mzee akaja kusema amechoka na barabara, na ufunguo akampa mke wa mwanawe.

Wifi huyo aliishi na Mzee nyumbani, maana mumewe alikuwa fundi ujenzi mahali pa mbali na alirudi mara chache. Alikodisha viti vya plastiki na maturubai kwa watu wenye shughuli, na mpaka siku hiyo mzigo wake aliusafirisha kwa kubembeleza wenye magari. Nozeli alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai wakati ufunguo unabadili mkono. Wifi alipiga magoti, akaupokea kwa mikono miwili, akalia.

"Wewe una magari ya mji mzima, mwanangu," Mzee alimwambia Nozeli alipoona uso wake. "Huyu hana hata toroli."

"Sawa, baba," alisema Nozeli. Chai iliyobaki akaimwaga nje.

Tangu siku hiyo alikuwa na kijiba cha roho. Mchana kazi ilimsahaulisha, lakini jioni akifunga gereji miguu yake ilimpeleka kwa Mzee, na kabla hajabisha hodi alikuwa ameshaizunguka pikapu. Alitazama matairi. Alipitisha kidole kwenye bampa akitafuta mkwaruzo, na akiukosa alisononeka, na akiupata alisononeka zaidi. Wifi alikuwa amevivisha viti vya mbele vitambaa vya maua. Alikuwa ametundika kidude cha manyoya kwenye kioo. Na Mzee, ambaye zamani alimkataza Nozeli hata kumumunya peremende ndani ya gari, sasa alipanda mbele na mkwewe kwenda kupeleka viti, akirudi na maganda ya karanga mapajani.

Halafu kulikuwa na suala la jina. Mzee alikuwa amempa mkwewe jina: Rubani. "Rubani amerudi!" alisema, akicheka hadi mabega yanatikisika, kila pikapu ilipokata kona. Nozeli alijiuliza, mikono ikiwa ndani ya karai la mafuta machafu, baba yake aliwahi kumwita yeye nani. Jina la Nozeli alipewa na madereva. Kwa baba alikuwa "mwanangu" na "mulika hapa".

Asubuhi moja simu yake ikalia. Alikuwa wifi.

"Wifi, gari limenizimikia. Nimebeba viti vya harusi, watu wananisubiri. Limeanza kukohoa, likatoa moshi mweupe, halina nguvu kabisa, sasa hata kuwaka haliwaki."

"Umepiga stata mara ngapi?"

"Nyingi tu."

"Acha! Usiiguse. Unataka kuua pampu?"

Alimkaripia kwa sauti kali, lakini akikata simu aligundua kwamba anatabasamu. Mteja aliyekuwa kwenye kiti cha basi akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Alimkuta wifi kando ya barabara, amesimama kwenye jua na viatu vyake vya heshima, viti vyeupe vimepangwa nyuma ya pikapu kama meno. Nozeli hakumsalimia vizuri. Alifungua boneti, akatoa kwenye mfuko wake chupa ya maji iliyo tupu, akaishika chini ya filta, akalegeza kijiboliti cha kumwagia. Kilichotoka hakikuwa na rangi ya dizeli safi, bali kilikuwa cheupecheupe, kama uji mwepesi. Akaiweka chupa juu ya tairi la akiba, wote wawili wakaitazama. Taratibu ukungu ukatulia. Dizeli ikapanda juu, na chini yake kikabaki kitu kinachong'aa, kilichojitenga.

"Maji," alisema Nozeli.

"Maji gani, wifi?"

"Ya kunywa! Maji ni maji. Injini ya dizeli haioshwi kwa maji tumboni. Umenunua wapi mafuta?"

Wifi alitazama chupa. Akaitazama pikapu, kisha chupa tena.

"Barabarani," alisema mwisho. "Kwa wale wanaouza kwenye madumu."

Nozeli alihisi kitu kinamfunguka kifuani, kama mlango uliokuwa umekwama kwa mvua. Alimtazama yule mwanamke, na vitambaa vyake vya maua kwenye viti, na machozi yake ya siku ile ya ufunguo. "Kwenye madumu," alirudia polepole, kama mtu anayeonja. Akaita lori la rafiki yake likahamishe viti harusini, kisha akaiburuta pikapu kwa kamba, nyuma ya gari alilokuja nalo, hadi gereji. Njia nzima wifi aliyeshika usukani kule nyuma alionekana kwenye kioo, mdogo, kimya, na Nozeli hakuacha kumtazama.

Hata mikono hakunawa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee.

"Baba, gari lako limekunywa maji. Rubani wako ananunua mafuta ya madumu."

Mzee alikuwa amekaa ukumbini, redio ikimwimbia. Akaizima. Wifi alipofika, ameshuka kwenye gari la watu na vumbi hadi magotini, alimkuta mkwewe amesimama. Wapangaji wa nyumba ya jirani walitoka kuanika nguo ambazo tayari zilikuwa zimekauka.

"Gari nimekupa kama nimekupa jicho langu," Mzee alifoka, "wewe unalinywesha uchafu wa barabarani! Jana tu nimekutilia mafuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Kwenye madumu ulikuwa unatafuta nini?"

"Nisamehe, baba," alisema wifi, kichwa chini.

"Nisamehe, nisamehe! Hata mwanangu huyu akiwa mtoto asingefanya upuuzi huo!"

Hapo Nozeli alishiba. Kumbe sifa inaweza kushibisha namna ile, hata ikiwa ni ya kupakuliwa kutoka kwenye sahani ya mwenzio. Alirudi gereji akipiga mluzi.

Kazi aliianza kesho yake. Alishusha tangi la pikapu, akaliinamisha juu ya beseni, akalimwaga. Maji yalikuwa mengi, na kutu, na vipande vidogo vya rangi iliyobanduka. Na kwenye chujio la mdomoni mwa tangi kulikuwa na nyuzi za sufu. Nyekundu. Alizitoa kwa koleo dogo, akazilaza kwenye kiganja.

Aliwajua wauza madumu. Wengi walikuwa wateja wake kwa njia moja, maana magari yaliyokunywa mafuta yao yaliishia kwake. Madumu yao waliyaziba kwa mfuko wa plastiki uliosokotwa. Sufu ya nini? Na ndipo maneno ya baba yake, aliyoyasikia jana kwa masikio yaliyojaa furaha, yakamrudia sasa masikio yakiwa matupu: nimekutilia mafuta mimi mwenyewe.

Aliweka chini tangi, akachukua kipande cha mpira wa bomba, akaenda.

Mzee alikuwa amejilaza. Nozeli alipita pembeni hadi uani. Pale chini ya ukingo wa paa, mahali mvua yote ya mabati inapoangukia, lilisimama pipa la dizeli ambalo Mzee alilinunua enzi za mafuta ya nafuu. Kifuniko chake cha kuzungusha hakikuwepo. Tundu lilizibwa kwa mkono wa sweta kuukuu, jekundu, umelowa. Aliuchomoa, akaingiza mpira hadi chini kabisa, akavuta, akamimina kwenye chupa. Hakuwa na haja ya kungoja sana. Chini maji, juu dizeli, kama ileile ya barabarani.

Alichuchumaa hapo muda. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa huruma, wala halikuwa aibu. Lilikuwa swali, na lilimchoma: kwa nini yule mwanamke alidanganya?

Alimkuta wifi kwenye stoo yake ya viti, akifuta tope la harusi kiti kimoja baada ya kingine.

"Madumu hukununua."

Wifi aliendelea kufuta.

"Wifi, nasema na wewe. Nimeliona pipa. Ni mafuta ya baba. Kwa nini ulikubali kutukanwa mbele ya watu wote wale?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze nini? Mimi ndiye nimekwenda kukusemea! Umeniacha nikusemee uongo!"

"Sikukutuma uende, wifi," alisema mwenziwe, bila ukali. Aliweka kitambaa chini. "Alinitilia mwenyewe. Alishinda asubuhi nzima na ndoo na faneli, hataki nimsaidie. Alikuwa na furaha, ungemwona. Anasema, 'Kuendesha siendeshi tena, lakini kukulisha gari nitakulishia.' Sasa nikuambie pale barabarani kwamba ni yeye? Ungefanya nini?"

Jibu walilijua wote wawili.

"Na kwa nini hakuona?" aliuliza badala yake. "Baba? Baba alikuwa anamimina dizeli kwenye glasi na kuinyanyua juani kabla ya kuitia garini. Angewezaje kutoona maji?"

Wifi alimtazama kwa namna ambayo Nozeli angependelea kupigwa kofi kuliko kutazamwa hivyo.

"Haoni, wifi. Unafikiri kwa nini aliacha kuendesha? Barabara haijamchosha. Macho yamefunga ukungu. Ananisikia mimi kwa mlio wa gari ndio anasema Rubani huyo. Chumvi na sukari anazitofautisha kwa ulimi. Jioni ukija anageuza kiti ili mwanga uwe nyuma yako, apate angalau kivuli chako."

"Alikwambia wewe?"

"Hakuniambia."

"Ulijuaje?"

"Nimemtazama tu."

Nozeli alitoka pale bila kuaga. Alitembea haraka, akipita mlango wa gereji yake bila kusimama, akageuka, akaupita tena. Kama baba angekuwa amemweleza wifi siri ile, moyo wake ungepata pa kukasirikia. Lakini hakumweleza. Alitazamwa tu. Na yeye, binti wa tochi, alikuwa akifika pale kila jioni na macho yake mazima kukagua bampa. Uchungu wa ufunguo ulikuwa mdogo kuliko huu. Gari mtu anaweza kusema nimenyang'anywa. Hili la kumtazama baba hakunyang'anywa na mtu. Lilikuwa mezani siku zote, na wifi ndiye aliyelichukua.

Aliimalizia pikapu kwa siku chache zilizofuata, na hakuwahi kufanya kazi kwa makini vile wala kwa hasira vile. Alilisuuza tangi kwa dizeli safi, akalikausha juani, akalisuuza tena. Alipuliza mabomba. Filta alitupa, akaweka mpya. Nozeli za injini alizifungua zote, akaziosha kwenye karai, akazipima moja moja hadi kila moja ikatoa mvuke mwembamba kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Akazirudisha, akatoa upepo kwenye mabomba, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikawaka, ikatulia.

Siku ya kuirudisha aliliendea kwanza pipa.

"Baba, naomba lile pipa la uani. Nataka kuwekea oili chafu gereji."

"Bado lina mafuta," alisema Mzee. "Namtunzia Rubani, kama hajarudia madumu yake."

Ilimchoma, hata sasa. "Nitamfidia," alisema. "Nahitaji pipa."

"Chukua basi."

Alimsogezea baba yake kikombe cha chai, kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama akikichukua. Mkono wa Mzee ulitua mezani, ukatambaa polepole, kama mtu anayepapasa kuta za nyumba ya wageni, hadi ukaligusa sikio la kikombe. Alifanya hivyo huku akizungumza, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuficha.

"Baba, twende tukaone daktari wa macho."

"Macho yangu yana nini?"

"Twende tu."

"Siendi. Mimi si mtoto."

Alibembeleza, akanuna, akatishia kutokuja tena. Mzee aliwasha redio. Ndipo wifi akatokea jikoni akipangusa mikono. "Baba," alisema, "kesho napeleka viti njia ya hospitali. Nikuache pale wakati nashusha, upumzike kwenye viti vyao?" Mzee akapunguza redio. "Kama ni njia moja," alisema, "sina neno." Nozeli alitamani kupasua kitu.

Walikwenda watatu, wifi kwenye usukani, Mzee katikati, Nozeli dirishani, kidude cha manyoya kikicheza mbele ya pua yake. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wamechelewa lakini si sana. Wakapasua jicho la kwanza, baadaye la pili.

Bandeji zilipotoka, Mzee alitumia siku nzima kutazama. Alitazama mikono yake, akatazama ukuta, akauliza nani aliupaka rangi mbaya vile. Kisha akatoka uani, akasimama muda mrefu mahali pipa lilipokuwa, akiangalia juu kwenye ukingo wa paa na chini kwenye alama ya mviringo iliyobaki ardhini.

"Mwanangu," alimwita. "Yale maji yalitoka hapa."

Angeweza kukana. Wifi angemuunga mkono. "Ndiyo, baba," alisema Nozeli. "Yeye hakununua madumu. Alikuwa anakufichia."

"Na wewe ulijua lini?"

"Baadaye. Nilikuwa nimeshakuja kumsema."

Mzee alitikisa kichwa, akaanza kucheka kimyakimya, akapangusa jicho moja kwa uangalifu kama alivyoagizwa na daktari. Halafu akampita, akaenda moja kwa moja stoo ya viti. Nozeli alisikia sauti yake huko, ya chini, ikiomba radhi, na sauti ya wifi ikikataa kuombwa, na baada ya kidogo wote wawili wakicheka. Yeye alibaki uani. Hakuna aliyemwomba radhi, wala hakukuwa na sababu ya kumwomba.

Wivu haukumtoka. Asingekudanganya ukimuuliza. Wifi alipokuja gereji kumwomba amfundishe kumwaga maji ya filta na kutoa upepo, alimfundisha, lakini alimfanya arudie mpaka kucha zikawa nyeusi, na alipoona mwenzake ana mkono mwepesi kwa kazi ile, hakumwambia. Ila jioni alibadili jambo moja. Akifika kwa baba alipita pembeni ya pikapu bila kuikagua, akaingia ndani, akaketi karibu.

Jioni moja alikuwa anamkata baba yake kucha. Mzee alikuwa akimsimulia habari ya lori lililowahi kumzimikia mlimani, ambayo Nozeli hakuwa ameisikia bado, na alikuwa amefika mahali pazuri, pale breki zinapoanza kushindwa, mara honi ya pikapu ikalia nje. Mzee akakatisha neno. Kichwa kikageuka mlangoni, uso ukafunguka, mkono ukataka kuondoka.

Nozeli alikishika kidole kwa nguvu. "Tulia, baba, nitakukata," alisema. "Breki zikafanyaje?"